Jiwe Huvunjika Kati ya Meno

Kabla hujauliza injini ina nguvu farasi ngapi, inama uchote kifusi. Ngoma ya mtambo wa kukata mwamba, lile pipa la chuma lenye meno linalozunguka, ikiwa meno yake yamekaa pazuri hutoa vipande bapa, vipana kuliko unene wake, vyenye kingo nyembamba, na unga kidogo tu uliochanganyika humo. Ngoma ambayo meno yake yamekaa ovyo hutoa unga mtupu, mweupe, unaopanda hewani, unaziba kichujio cha hewa na kumkohoza kila aliyesimama upande wa upepo. Dizeli iliyosaga unga ule ingeweza kung'oa jiwe mara kadhaa zaidi ya lililong'olewa. Hasara hiyo haionekani kwenye dashibodi. Iko chini, miguuni.

Mimi ni fundi wa mitambo mizito, na riziki yangu ipo Tanga. Kuanzia Pongwe kwenye viwanda vya saruji, kushuka mjini, mpaka Chongoleani ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linamalizia safari yake ya kilomita 1,443, ardhi hii inachimbwa kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Mitaro ya maji, mitaro ya nyaya, misingi, barabara ya kwenda Pangani. Na chini ya udongo mwembamba kuna mwamba. Ukanda wa pwani ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Ukienda bara kidogo ni mwamba wa chokaa wa enzi ya Jura, ule ule ambao maji yameuchonga yakatuachia mapango ya Amboni. Mitambo ya kukata, yenye ngoma au mnyororo wenye meno, inazidi kutakiwa kwa sababu haitikisi nyumba za majirani kama baruti. Lakini kila saiti ninayofika nakuta mjadala wa aina moja: tuongeze injini, tuongeze meno, tununue meno ya bei kubwa zaidi. Mara chache sana namsikia mtu akiuliza meno yamekaa wapi. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza, na ndiyo maana naandika.

Wanaolijua jibu lake vizuri ni wachimba mashimo ya vyoo na visima wa mitaa ya Ngamiani na Chumbageni hapa Tanga. Wao wana mtaimbo, nyundo na tindo tu. Mtazame mmoja akianza shimo kwenye matumbawe. Hahangaiki kupiga kila mahali. Kwanza anafungua tundu dogo katikati, na hapo ndipo anapotoka jasho jingi, maana jiwe limebanwa pande zote na halina pa kukimbilia. Tundu likishapatikana anahamia kando yake, umbali wa nusu shubiri hivi, anapiga, na pande zima linaangukia tundu. Anahamia tena. Akisogea karibu mno na ukingo, anamega vijipande visivyo na maana. Akienda mbali mno, mtaimbo unaingia, unatoboa, na jiwe linabaki limesimama. Umbali ule ulio sawa anaujua kwa mkono. Yote ambayo wahandisi wameyapima kwenye maabara kuhusu kupanga meno yamo ndani ya kazi ya mtu huyu.

Sasa tushuke mpaka kwenye ncha. Jino linapogusa mwamba na kusukumwa, sehemu ndogo iliyo chini ya ncha inapondeka na kuwa unga. Huu ni ushuru ambao lazima ulipwe, hakuna jino lisiloulipa. Unga huo ukishabanwa vya kutosha, unasukuma kuta za mwamba pembeni yake, na mwamba unaanza kupasuka kwa kuvutwa. Hapo ndipo siri ilipo. Jiwe ni hodari wa kuhimili kubanwa, lakini likivutwa ni dhaifu. Miamba mingi uwezo wake wa kuhimili mvuto ni karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Mwingereza Ivor Evans, aliyefanya utafiti wa ukataji wa makaa ya mawe, aliijenga hoja hiyo kwa hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa meno ya patasi, na mwaka 1984 akaipanua kwa meno ya koni, haya yenye ncha ya kabaidi (mchanganyiko mgumu sana wa tungsteni na kaboni) tunayoyaona kwenye ngoma nyingi leo. Kwa hiyo jino zuri halisagi jiwe. Linalipasua kwa nguvu ndogo, likipewa nafasi.

Nafasi hiyo ni mfuo wa jirani, yaani mchirizi ambao jino la pembeni limeuacha kwenye jiwe. Ufa unaotoka kwenye ncha hautembei umbali usio na mwisho. Unakwenda pembeni na juu, ukitafuta uso ulio wazi. Kama jino la jirani limeshapita na kuacha mfuo wake karibu, ufa unatokea ndani ya mfuo ule, na jiwe lote lililokuwa katikati linatoka kipande kizima. Kipande hicho hakikuguswa na jino lolote. Kilivunjika kati ya meno. Ndiyo faida yako yote: ulilipa kwa unga kidogo chini ya ncha, ukapewa jiwe kubwa la bure pembeni.

Mifuo ikikaribiana mno, jino la pili linapita juu ya jiwe ambalo tayari lilikuwa limepasuliwa na la kwanza. Kila jino linalipa ushuru wake wa unga, lakini faida ya pembeni ni ndogo. Mifuo ikiachana mno, nyufa hazikutani. Kila jino linachimba mtaro wake mwembamba kama vile halina jirani, na kati yake linabaki tuta la jiwe. Tuta likikua, linaanza kusugua kishikio cha jino, kile kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye ngoma. Nimeviona vishikio vinang'aa pembeni huku ncha za kabaidi zikiwa karibu mpya. Aliyeiona ngoma ile kabla yangu alilaumu chuma kuwa laini. Chuma hakikuwa na kosa. Kilikuwa kinafanya kazi ya jino ambalo halikuwepo.

Umbali huo unaofaa hauwezi kutajwa peke yake. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata wenye vyeti. Mtu anauliza, "Fundi, umbali sahihi ni milimita ngapi?" Hakuna jibu la swali hilo mpaka uniambie jino linaingia kina gani. Ufa wa jino lililoingia milimita 20 unafika mbali kuliko wa jino lililokwaruza milimita 5. Kinachohesabiwa ni uwiano: umbali kati ya mfuo na mfuo, ugawe kwa kina. Kwa meno ya koni, uwiano unaotumia nishati ndogo kabisa kwa kila mita ya ujazo mara nyingi huwa kati ya 2 na 5, kutegemea mwamba. Kwa visahani vya chuma vinavyobingirika kwenye mitambo ya kuchimba mahandaki, uwiano unakuwa mkubwa zaidi, mara 10 mpaka 20, kwa sababu kisahani kinaingia milimita chache tu lakini kinabeba mzigo mkubwa sana. Huwezi kuchukua hesabu ya kimoja ukaipeleka kwa kingine.

Tufanye hesabu ya ngoma ya meno ya koni. Inazunguka mara 100 kwa dakika na mtambo unasonga mbele mita 3 kwa dakika. Kila mzunguko mmoja umesogea milimita 30. Kama kila mstari wa ngoma, yaani njia inayochora mfuo mmoja, una jino moja, jino hilo lina milimita 30 za kula pale kipande kinapokuwa kinene zaidi. Kama mstari mmoja una meno mawili yanayofuatana, kila moja linabakiwa na 15. Ukishika uwiano wa 3, ngoma ya kwanza inataka mistari iliyoachana milimita 90, ya pili 45. Ni mtambo ule ule, kasi ile ile, na meno ya duka lile lile. Mpangilio tu ndio uliobadilika, na umbali unaofaa umekatika nusu.

Halafu mwamba unakuwa mgumu. Mwendeshaji anapunguza mwendo mpaka mita 1 kwa dakika, jambo ambalo kila mwendeshaji mwenye akili hufanya. Ngoma bado inazunguka 100. Sasa jino moja kwa mstari linapata milimita 10, na meno mawili kwa mstari yanapata 5 kila moja. Kama mistari yako imeachana milimita 60 na una meno mawili kwa kila mstari, uwiano umeruka kutoka 4 hadi 12. Nyufa hazikutani tena. Matuta yanaanza kusimama, unga unaongezeka, joto linapanda, na mtu wa ofisini anasema mwamba umeishinda mashine. Haujaishinda. Meno yalipangwa kwa ajili ya mlo wa milimita 15, yanapewa 5.

Kuna dawa ambayo haigusi ngoma hata kidogo: punguza mizunguko. Mita 1 kwa dakika kwa mizunguko 50, jino linapata mara mbili ya lilichokuwa likipata. Mtambo lazima uwe na gia au mfumo wa haidroliki unaoruhusu, na lazima uwe na uzito wa kutosha usirushwe juu, maana jino likiingia ndani zaidi nguvu inayotakiwa kwa kila jino inapanda. Lakini nishati kwa kila mita ya ujazo inashuka, unga unapungua, na kabaidi inadumu. Joto ni adui mkubwa wa kabaidi, na joto linakuja na kasi. Waendeshaji wengi hawapendi kusikia haya. Ngoma inayozunguka kwa kasi ina mlio unaomfanya mtu aone kazi inakwenda.

Nakumbuka kazi moja ya mtaro wa bomba upande wa baharini. Kontrakta alikuwa na mtambo wa mnyororo, ule unaokata kama msumeno mkubwa. Ulikuwa unakwenda polepole, na mkuu wa saiti akaona suluhisho: vishikio vipya vikachomelewa katikati ya vile vya zamani, mstari kati ya mstari. Nilipoitwa, mnyororo ulikuwa umejaa meno kiasi kwamba huoni chuma chake. Mwendeshaji, mtu mzima wa Mabokweni, alinipokea kwa maneno haya: "Fundi, dude hili sasa linakunywa kama lina ugomvi na mafuta, na mwendo ndiyo umekwisha kabisa." Nikashuka kwenye mtaro. Kuta zake zilikuwa laini, zimekwanguliwa vizuri. Chini kulikuwa na unga uliofika juu ya kifundo cha mguu, na sikupata kipande kimoja kinachozidi ukucha wa dole gumba.

Kisa chenyewe kinaelezeka. Mtambo una nguvu ya kusukuma iliyo na kikomo. Ukigawa nguvu hiyo kwa meno mara mbili, kila jino linapata nusu. Na kila mwamba una kizingiti chake: chini ya nguvu fulani, jino halipasui chochote, linasaga tu. Meno yote yale yalikuwa yakikwaruza kwa pamoja, kila moja likiwa chini ya kizingiti, na mifuo ilikuwa imebanana kiasi kwamba hata kama ufa ungezaliwa usingekuwa na jiwe la kung'oa. Tulikata vishikio vilivyoongezwa, tukavirekebisha vizuri vya zamani vilivyokuwa vimepindishwa na joto la kuchomelea, na vipande bapa vikarudi siku hiyo hiyo. Mwendo wenyewe ulichukua muda zaidi kurudi, maana mnyororo ulikuwa umeshaumia.

Wasomaji wa kazi za mahandaki watakuwa wamekumbuka kisa cha James Robbins wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza mtambo wa kuchimba mahandaki kwa ajili ya bwawa la Oahe kule South Dakota. Uso wake ulikuwa na aina mbili za vikatio: meno yaliyofungwa imara ya kuchimba mifuo, na visahani vinavyobingirika vya kuvunja matuta kati ya mifuo hiyo. Kwenye mwamba laini wa pale ilikwenda vizuri. Mwaka 1956, kwenye handaki la majitaka la Humber mjini Toronto, mwamba ulikuwa mgumu zaidi na yale meno yakawa yanavunjika kila mara. Yakaondolewa. Visahani peke yake vikasonga mbele vizuri tu. Aina moja ya vikatio iliyodhaniwa ni ya lazima ilikuwa mzigo. Mitambo ya leo inayotoboa milima inatokana na ugunduzi huo: visahani vingi vina kipenyo cha inchi 17, yaani milimita 432, na kwenye mwamba mgumu hupangwa vikiachana kati ya milimita 70 na 100 hivi.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani dawa ni kupunguza meno siku zote. Kuna kontrakta wengine wanaofanya kinyume: jino likipotea halirudishwi, "yamebaki mengi." Jino moja likikosekana, jirani yake anayefuata anakuta jiwe ambalo halikufunguliwa. Anabeba mzigo wake na wa mwenzake. Anavunjika mapema. Sasa pengo ni la meno mawili, na wa tatu yuko njiani. Nimeona mstari mzima ukifa hivyo, jino kwa jino, kuanzia kwenye pengo moja la bei ndogo.

Na meno hayafanani kazi, hata kama yanafanana kwa sura. Yale ya katikati ya ngoma yana bahati: upande mmoja daima kuna mfuo wa jirani uliotangulia, jiwe lina pa kukimbilia. Yale ya pembeni kabisa yanakata kona. Upande wao wa nje ni ukuta mzima wa mwamba usiofunguliwa na mtu, hali ile ile ya mchimba choo anapofungua tundu la kwanza. Kwa hiyo kwenye ncha za ngoma watengenezaji huweka meno yaliyokaribiana zaidi, na kuyainamisha kuelekea nje hatua kwa hatua ili kishikio kisisugue ukuta. Fundi asiyejua sababu yake anaona kama fujo. Mmoja alinieleza kwa nia njema kabisa kwamba alikuwa "ameyanyoosha." Ngoma ile ilikuwa inaandika alama ya vishikio vyake kwenye kuta za mtaro mpaka ikakwama.

Utaratibu wa nani atangulie nao una maana. Meno hupangwa kwa mzingo unaozunguka ngoma kama parafujo, ili mfuo mmoja uwe umefunguka kabla jino la mstari wa pili halijafika, na ili wakati wowote idadi ya meno yaliyo ndani ya jiwe isibadilike sana. Fikiria meno kumi yakiingia kwa pamoja, kisha yote yakatoka, kisha kumi mengine. Injini inakabwa, inaachiwa, inakabwa. Bolti zinalegea, beringi zinakufa, mgongo wa mwendeshaji unaumia. Mtetemo wa namna hiyo mara nyingi unalaumiwa kwa mwamba. Chunguza kwanza ngoma.

Nikae zaidi kwenye pembe, kwa sababu hapa ndipo gereji zetu zinapopoteza pesa nyingi bila kujua. Chukua jino la koni ambalo ncha yake ina upana wa nyuzi 80, yaani nyuzi 40 kila upande kutoka katikati. Kama limeelekezwa kwenye mwamba kwa nyuzi 50, mgongo wa ncha unabaki na upenyo wa nyuzi 10 juu ya jiwe lililokwishakatwa. Upenyo huo ndio unaoifanya ncha iume na mgongo usiguse. Sasa kishikio kimevunjika, mchomeleaji amekirudisha kwa jicho, na kimelala kidogo: nyuzi 43 badala ya 50. Hakuna atakayeiona tofauti hiyo akiwa amesimama. Lakini upenyo sasa ni nyuzi 3, na kwa kuwa jino linaingia kwenye mwamba huku mtambo unasonga, hata hizo 3 hazibaki zote. Mgongo unasugua. Joto linapanda, chuma kinachoshika kabaidi kinaliwa, na ncha inadondoka ikiwa nzima. Nimewahi kuokota ncha za kabaidi kwenye kifusi zikiwa bado kali. Tatizo lilikuwa kwenye moto wa kuchomelea.

Kuna pembe nyingine ndogo zaidi, nayo ni mgeuko wa pembeni. Jino la koni halijafungwa lisizunguke. Limekaa kwenye tundu lake na linatakiwa kugeuka lenyewe likiwa kazini, ili liliwe sawasawa pande zote. Kinacholigeuza ni jiwe lenyewe, kwa sababu kishikio kimeelekezwa pembeni kidogo ya njia ya mwendo. Ukichomelea kishikio kikiwa kimenyooka kabisa na njia, umeondoa mkono unaoligeuza. Kuna sababu nyingine ya jino kukwama inayotusumbua sana hapa pwani: unga wa chokaa ukichanganyika na maji unaingia kwenye tundu, unakauka usiku, na asubuhi jino limeshikwa kama limejengewa.

Nina meno mawili mezani ninapoandika haya, yote yametoka kwenye ngoma moja. La kwanza limeisha, lakini limeisha vizuri: limekuwa fupi, koni yake bado ni duara, na ukilizungusha vidoleni halina upande. La pili lina uso bapa upande mmoja, unaong'aa, kuanzia kwenye kabaidi mpaka kwenye chuma cha shingo. Upande wa pili bado una rangi ya kiwandani. Kwenye shina lake kuna mkanda wa unga mgumu wa kijivu uliogandana. Jino hilo halikuzunguka hata mara moja tangu lilipokwama. Uso bapa namna hiyo unadai nguvu kubwa zaidi kuusukuma ndani ya jiwe, na nguvu yote ya ziada inaishia kuwa unga na joto. Kila asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, mtu apite kwenye ngoma na kuzungusha kila jino kwa mkono. Lisilozunguka litolewe, tundu lisafishwe. Hakuna kazi ya matengenezo inayorudisha faida haraka kuliko hiyo.

Matumbawe ya kwetu yana tabia yake. Juu yana ganda gumu lililopigwa na hewa na mvua, chini yake jiwe laini zaidi, na humo ndani kuna matundu na mifuko ya udongo mwekundu. Jino linapita kwenye utupu, kisha linagonga ukingo mgumu ghafla. Chokaa hailambi kabaidi kama mwamba wenye mchanga mgumu wa kwatzi (quartz) unavyofanya, kwa hiyo hapa meno yetu mara nyingi yanakufa kwa kugongwa na kwa kutozunguka, kabla hayajafa kwa kuliwa. Kabaidi yenye kobalti nyingi zaidi, metali inayoshikamanisha punje zake, inavumilia kugongwa, ile ya kobalti kidogo ni ngumu lakini inapasuka. Anayeagiza meno kwa kazi ya Raskazone, hapa pwani ya Tanga, asichukue orodha ya mtu wa machimbo ya dhahabu kanda ya ziwa.

Wapo pia wanaokodi mashine za kukwangua lami ili wakate mwamba. Ngoma ya kawaida ya lami ina mistari iliyoachana milimita 15, na ile ya kulainisha uso wa barabara ina 8 au pungufu. Ilitengenezwa hivyo kwa sababu barabara inataka uso ulio sawa. Ukiipeleka kwenye chokaa itakata, ndiyo, na itakupa unga mzuri wa kupaka ukuta. Mitambo ya kuchimba chokaa kwa ngoma, kama inayotumika kwenye machimbo mengi ya India, ina mistari iliyoachana zaidi na vishikio vikubwa zaidi, kwa sababu pale wanataka vipande vinavyoweza kupakiwa na kupelekwa kiwandani.

Na unga si hasara ya mafuta tu. Punje ndogo usizoziona ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Chokaa safi ina silika (madini ya mchanga yanayodhuru mapafu) kidogo, lakini mchanga ukiwa umeingia humo habari inabadilika. Maji ya kunyunyiza yanasaidia, barakoa inasaidia, na vyote lazima viwepo. Lakini vumbi lililo rahisi kuzuia kuliko yote ni lile ambalo halikusagwa, na hilo linaamuliwa siku meno yanapopangwa. Kijana anayesimama siku nzima nyuma ya mtambo akiongoza magari anavuta makosa ya mchomeleaji.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mitambo ni la vitendo. Unaponunua mtambo wa kukata, mpya au uliotumika, dai mchoro wa meno: kila mstari, umbali wake, pembe ya kila kishikio, na mpangilio wa kona. Wauzaji wa mitambo iliyotumika hupenda kusema haupo. Mchoro ukikosekana, pima ngoma yenyewe kabla mtu hajaigusa kwa moto. Zungushia karatasi ngumu kwenye ngoma, weka alama ya kila ncha, kisha ikunjue juu ya meza na mpangilio wote utakuwa mbele yako. Pima pembe za vishikio vya katikati na vya kila upande wa kona. Kata kiolezo cha bati nene kwa kila pembe, uandike namba ya mstari. Siku ya kurudisha kishikio, kikamatishe kwa nukta za moto, weka kiolezo, pima tena kikishapoa kidogo, ndipo umalize, ukichomelea pande kwa zamu ili joto lisikivute. Watu wawili wanaimaliza kazi ya kupima ngoma kwa asubuhi moja. Ngoma ikishachomelewa kwa jicho mara mbili tatu, hakuna tena kitu cha kupima, na hata mwenye kiolezo kizuri atakuwa ananakili makosa.